Dawa ya lehemu, kadi mbili na macho ya manjano: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja nchini Tanzania, ninakofanya kazi kama mfamasia. Umri wa mgonjwa, kazi yake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio na makosa yetu nimeuacha ulivyokuwa. Mama mwenyewe aliridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba mji usitajwe.

Niseme mapema: dawa iliyokaribia kumuua ilitoka kwenye dirisha letu.

Historia ya mgonjwa

Ni mama wa miaka 50 na ushee, mfanyabiashara mdogo. Alikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 6 na presha kwa miaka 4. Kwetu alikuwa akitumia metformini miligramu 1,000 asubuhi na jioni, na amlodipini miligramu 10 mara moja kwa siku. Hakosi kliniki, na daftari lake lilikuwa limejazwa vizuri kuliko ya wengi.

Ambacho daftari hilo halikuonyesha ni kwamba anaishi na VVU, na yuko kwenye dawa kwa zaidi ya miaka 10. Huduma hiyo aliifuata wilaya nyingine, mwendo wa saa 3 kwa basi, kwenye kituo cha tiba na matunzo (CTC) ambako hakuna jirani wa kukutana naye kwenye benchi. Kwa kuwa hali yake ilikuwa imetulia, alipewa dawa za miezi 6 kwa mkupuo. Daftari la kisukari lilikaa mkobani; kadi ya CTC ilikaa sandukuni, chini ya nguo.

Mchanganyiko wake wa kwanza, wa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, ulikuwa umeshindwa kudhibiti virusi miaka ya nyuma. Akahamishiwa dawa za mstari wa pili: tenofoviri na lamivudini, pamoja na atazanaviri inayoongezewa nguvu na ritonaviri. Naomba msomaji aishike hiyo ritonaviri.

Siku ya kliniki alipimwa mafuta ya damu kwa mara ya kwanza. Lehemu yote ilikuwa 7.1 mmol/L, HDL (lehemu nzuri) 1.0, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 3.1. Maabara yetu haipimi LDL, lehemu mbaya, moja kwa moja, tunaikokotoa: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Ikatoka 4.7. Hesabu hiyo inaaminika maadamu trigliseridi haijavuka 4.5, kwa hiyo hapa ilikuwa sahihi.

Matukio yalivyofuatana

Siku ya 1. Daktari wa kliniki aliamua kumwanzishia statini, dawa ya kushusha lehemu. Uamuzi huo ulikuwa sawa kabisa, na nitaurudia. Atorvastatini ilikuwa imeisha stoo, iliyokuwepo ni simvastatini. Akaandika miligramu 40 kila usiku. Dirishani, mtoa dawa wetu alimuuliza, kama utaratibu unavyotaka, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wapatao 10, wa kwanza amemgusa bega. Akajibu, "Hizo hizo tu, mwanangu." Mtoa dawa akatia alama ya vema, akampa za mwezi mmoja.

Kati ya siku ya 11 na ya 13 mapaja yalianza kuuma, kisha mabega. Alidhani ni mizigo. Duka la dawa la mtaani likampa diklofenaki, akaimeza siku 5. Maumivu yakapungua kidogo, nguvu zikazidi kuisha.

Siku ya 18 alishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Kujifunga kilemba kukamshinda kwa sababu mikono haikupanda. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Akaenda zahanati. Pale waliona mambo mawili, mkojo mweusi na macho ya manjano, na wakahitimisha kama ambavyo wengi wetu tungehitimisha: ini. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Akaambiwa apumzike, aache vyakula vya mafuta, anywe glukosi.

Siku ya 20, usiku, alifikishwa kwetu amebebwa na wanawe. Daktari wa zamu alikuta vimeng'enya vinavyopimwa kwa ajili ya ini viko juu, AST 980 na ALT 310, bilirubini (rangi ya manjano ya damu) 58, kreatinini, kipimo cha figo, 238 (miezi 3 nyuma ilikuwa 78), potasiamu 5.9. Akaandika homa ya ini iliyoathiri figo, akaomba vipimo vya hepataitisi, na chini ya karatasi akaweka sentensi ambayo kila mfamasia wa wodini anaifahamu: aendelee na dawa zake zote. Saa 3 usiku muuguzi alimpa simvastatini nyingine.

Kilichofungua fumbo

Asubuhi ya siku ya 21 mtaalamu wa maabara alipanda mwenyewe wodini na karatasi mkononi. Ninamheshimu sana kwa hilo, maana angeweza kuiacha kwenye kisanduku. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu kwa alama tatu za kujumlisha, lakini chini ya hadubini hakuona chembe nyekundu zaidi ya mbili. Na bilirubini kwenye mkojo haikuwepo kabisa.

Hayo mambo mawili yalivunja hadithi ya ini. Mkojo unaotiwa weusi na ugonjwa wa ini hutiwa na bilirubini, na huu haukuwa nayo. Kijiti kikisema damu ilhali chembe hazionekani, kimeona ama hemoglobini iliyomwagika baada ya chembe kupasuka, ama myoglobini, protini ya misuli, kwa maana kijiti hakiwezi kuzitofautisha. Tukainua chupa ya damu yake iliyokwisha kutulia na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Majimaji ya juu yalikuwa na umanjano, bila wekundu. Chembe zinapopasuka kwa wingi, majimaji hayo huwa ya waridi. Hemoglobini yake ilikuwa 12.4. Basi ilikuwa misuli. Na AST iliyoizidi ALT mara tatu ilikuwa inasema hilo tangu usiku, kwa kuwa vimeng'enya hivyo havikai kwenye ini peke yake. Misuli inavyo pia.

Macho, sasa. Kama ini halikuwa na tatizo, umanjano umetoka wapi? Bilirubini yake karibu yote ilikuwa ile ambayo ini halijaichakata: 51 kati ya 58. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo, ndiye aliyeuliza swali lililotusaidia kuliko vipimo vyote.

"Mama, haya macho yako yalianza lini kuwa hivi?"

"Haya? Haya ni ya zamani, dada. Tangu nilipobadilishiwa dawa."

"Dawa zipi, mama?"

Akamtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, akanyamaza. Muuguzi hakurudia swali. Alileta kiti cha magurudumu, akampeleka chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango. Dakika 10 baadaye alitoka akaniita pembeni. Jioni binti yake aliileta kadi ya CTC ikiwa imeviringishwa ndani ya khanga.

Atazanaviri huzuia kimeng'enya kinachochakata bilirubini. Macho huwa ya manjano, ini likiwa zima. Kwa wengi haina madhara zaidi ya usumbufu wa kuulizwa na watu. Umanjano ule uliowapoteza njia zahanati na daktari wetu ndio uliotuleta kwenye jibu.

Kwa nini misuli ilivunjika

Simvastatini inamezwa ikiwa haijaamka, na mwili ndio unaoigeuza kuwa dawa kamili. Kabla haijafika kwenye damu inapita utumbo na ini, ambako kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 huikatakata. Pale pana ukali wa forodha ya bandarini: katika kila miligramu 100 zinazomezwa, zisizofika 5 ndizo zinazovuka kuingia kwenye mzunguko wa damu. Vipimo vya dozi vilipangwa kwa kuzingatia hasara hiyo.

Ritonaviri inaifunga CYP3A4. Ndiyo kazi tunayoitakia katika tiba ya VVU, ili atazanaviri isikatwe mapema. Forodha ikifungwa, simvastatini nayo inapita. Watu wenye afya walipopewa simvastatini pamoja na ritonaviri na sakwinaviri, dawa nyingine ya VVU, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kiwango cha simvastatini iliyo hai kwenye damu kiliongezeka takriban mara 30. Mama huyu alikuwa anameza 40 kwa jina. Kilichoingia mwilini hakuna anayeweza kukikadiria.

Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kamili juu ya hili Machi 2012: simvastatini na lovastatini zisitumike kabisa pamoja na dawa za kundi hili. Na ulimwengu ulikwisha kuonywa kabla ya hapo kwa njia chungu. Agosti 2001 serivastatini, statini nyingine, iliondolewa sokoni duniani kwa sababu ya kuvunja misuli, hasa ilipotumiwa pamoja na gemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta ya damu.

Misuli inapovunjika humwaga potasiamu, inayoweza kusimamisha moyo, na myoglobini, inayoziba na kuumiza figo. Figo za mama huyu zilikuwa tayari zimebeba tenofoviri. Diklofenaki ya mtaani ikaja kuzipunguzia damu wakati ule ule. Sidhani kama simvastatini peke yake ingemfikisha kwenye 238.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Simvastatini na diklofenaki tulizisimamisha hapo hapo. Metformini pia, kwa sababu figo zilizolala huiacha ijikusanye. Sukari tukaishika kwa insulini. Sampuli ya CK, kimeng'enya kinachomwagika misuli ikivunjika, tuliituma maabara ya rufaa, lakini hatukuyasubiri majibu kuanza matibabu. Yalirudi kesho yake yakisema zaidi ya 40,000, wakati kikomo cha kawaida ni kama 200.

Tiba yenyewe ni maji ya chumvi kwa mshipa, mengi, mapema. Tulilenga mkojo wa mililita 200 hadi 300 kwa saa, tukimsikiliza mapafu kila baada ya saa 4, maana mama wa presha anaweza kuzama kwa maji hayo hayo yanayomwokoa. Potasiamu ilishushwa kwa insulini na glukosi.

Ubishi ulikuwa kwenye dawa za VVU. Daktari mmoja alitaka zisimamishwe zote hadi figo zipone. Hoja yake ilieleweka: ritonaviri ndiyo iliyofunga mlango, kwa nini iendelee? Mimi na mwenzetu wa CTC tulipinga. Simvastatini ikishaachwa, akiba iliyobaki mwilini huisha ndani ya siku chache hata mlango ukiwa umefungwa. Kumwachisha mtu wa mstari wa pili dawa zote kwa wiki mbili ni kufungulia virusi. Tulikubaliana kuitoa tenofoviri pekee, kwa sababu ya figo, na kuweka abakaviri mahali pake. Lamivudini, atazanaviri na ritonaviri ziliendelea.

Uamuzi mwingine haukuwa wa kitabibu. Tulikubaliana kwamba kwenye faili la kitandani, ambalo kila ndugu na mgeni analifunua, dawa za VVU zisiandikwe wazi. Zilikaa kwenye karatasi iliyofungiwa kwa muuguzi mkuu wa wodi. Mama aliambiwa hivyo, na nadhani ndicho kilichomfanya aanze kutuamini.

Matokeo

Hakuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Siku ya 4 wodini potasiamu ilikuwa ya kawaida, siku ya 9 aliruhusiwa akiwa na kreatinini 131, akitembea kwa fimbo. Baada ya wiki 6 ilikuwa 84. Nguvu za mapaja zilichukua karibu miezi 3 kurudi, na anasema ngazi bado zinamkumbusha.

Likabaki swali gumu. LDL yake ilikuwa 4.7, ana kisukari, ana presha, ana VVU. Mishipa ya moyo wake haikuwa imesamehewa kwa kuwa misuli iliumia. Yeye aliposikia neno statini alisema, "Ile ya mafuta? Hapana. Bora mafuta." Hatukumlazimisha. Tulipima kwanza tezi la shingo, ambalo likizembea hupandisha lehemu na pia huifanya misuli iwe dhaifu mbele ya statini, lilikuwa sawa. CTC walithibitisha kwamba virusi vimedhibitiwa, na kwa kuwa hakuwahi kutumia dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, wakamhamishia huko, pamoja na tenofoviri na lamivudini, figo zikifuatiliwa. Macho yakawa meupe. Alipojiona kwenye kioo alicheka kliniki nzima ikasikia.

Dolutegraviri nayo ina jambo lake: hupandisha metformini kwenye damu. Tulipoirudisha metformini hatukuvuka miligramu 1,000 kwa siku. Kama tungeandika dozi yake ya zamani, tungekuwa tumetoka kwenye mgongano mmoja wa dawa na kuingia kwenye mwingine.

Miezi 4 baadaye tulipima mafuta tena. LDL 4.2. Mabadiliko ya dawa yalikuwa yamesaidia, zaidi kwenye trigliseridi, lakini hayakutosha. Tukakaa naye, na binti yake, nusu saa nzima. Tulimwonyesha kwamba kilichomuumiza ni dawa mbili kukutana, na kwamba mojawapo haitumii tena. Aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu. Mwisho alikubali atorvastatini miligramu 10, akapimwa CK baada ya wiki 2 na wiki 6, kisha ikapandishwa hadi 20. Leo LDL yake ni 2.5 na misuli haiumi.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kumwanzishia statini lilikuwa jambo sahihi. Nalisisitiza hili kwa sababu najua kisa cha namna hii kinavyosafiri mitaani: "dawa za lehemu zinaua figo." Mwaka 1994, utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba simvastatini hii hii ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kwa watu wenye VVU, utafiti wa REPRIEVE uliotoka mwaka 2023, uliowahusisha watu 7,769 wakiwemo Waganda, ulionyesha pitavastatini ikipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Misuli kuvunjika kiasi hiki ni nadra sana pale dawa zisipogongana. Mtu kama mama huyu anahitaji statini kuliko wengi wetu.

Kosa la kwanza lilikuwa wazi kwenye karatasi, na halikuhitaji siri ya mtu yeyote kugundulika. Mgonjwa anayetumia amlodipini hapaswi kuvuka miligramu 20 za simvastatini. Dawa zote mbili zilikuwa kwenye daftari lile lile, kwa mwandiko ule ule, na zikapita mbele ya macho ya daktari, ya mtoa dawa, na yangu nilipokagua rejista wiki hiyo. Tulipokaa kujadili kisa, baadhi ya wenzangu walitaka kukimaliza kwa kusema, "Mgonjwa alificha." Nilikataa na bado nakataa. Hata kama asingekuwa na VVU, ile dozi ilikuwa mara mbili ya inayoruhusiwa.

Kosa la pili ni swali la dirishani. Tuliuliza, tukaweka alama ya vema, na tukaamini tumemaliza. Lakini mama yupi, ambaye amekuwa akisafiri saa 3 kwa basi ili asionekane, atataja dawa hizo huku pumzi ya mtu mwingine iko shingoni mwake? Jibu alilotoa lilikuwa ndilo pekee lililowezekana mahali pale. Muuguzi wa wodini aliuliza jambo lile lile, lakini nyuma ya mlango, na alianza na macho, kitu ambacho mama mwenyewe alikuwa anakiona kila asubuhi.

La tatu ni lile la "aendelee na dawa zake zote." Mgonjwa anapolazwa na figo zilizoanguka, kila dawa inapaswa kuanza kama mshukiwa. Dozi ile ya usiku wa siku ya 20 haikuwa na sababu yoyote.

La nne linagusa wenzetu wa zahanati na maduka ya dawa, na sitawalaumu kwa kukosa vifaa. Kijiti cha mkojo wanacho. Kama mtu anaumwa mapaja, hawezi kuinuka, mkojo mweusi, na kijiti kinasema damu bila bilirubini, hapo panatosha kumuuliza juu ya dawa mpya na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Na anayeuza diklofenaki kwa mtu wa kisukari na presha aulize kwanza maumivu yalianzaje.

Kuna hatari nyingine ambayo inatokana na mafanikio. Wagonjwa wengi wa VVU siku hizi wako kwenye dolutegraviri, ambayo haiifungi CYP3A4, kwa hiyo kwao simvastatini haina ugomvi huu. Vijana wanaoajiriwa sasa wanaweza kukaa miezi bila kukutana na ritonaviri, na ndiyo maana wachache walio kwenye mstari wa pili hakuna anayewakumbuka. Orodha ya wanaoifunga CYP3A4 pia ni ndefu kuliko VVU: klarithromaisini, erithromaisini, ketokonazoli na itrakonazoli za kutibu fangasi, hata maji ya balungi yakinywewa kwa wingi. Vidonge vya fangasi vinanunuliwa mtaani bila cheti, na hakuna anayeandika popote kwamba amevimeza.

Tulichobadilisha ni vitu vitatu. Chumba kidogo kilichokuwa stoo ya maboksi kando ya dirisha tumekitia meza na mlango, na kila anayeanza dawa ya kudumu anapita humo peke yake. Swali lenyewe tumelibadilisha: "Kuna kliniki nyingine yoyote unayohudhuria, hata ya mbali? Hapa hatuandiki kwenye daftari lako." Na tumeomba atorvastatini iwe ndiyo tunayoagiza kwanza. Simvastatini haitoki bila mfamasia kutia saini. Atorvastatini nayo inapanda ikikutana na ritonaviri, kwa hiyo kwa hao tunaanza na miligramu 10 na hatuvuki 20.

Kisha tulifungua rejista ya miezi 6 iliyotangulia na kutoa majina ya wote waliopewa simvastatini. Walikuwa 61. Tuliwapigia mmoja mmoja, tukawaita kwa visingizio vya kawaida vya kupima presha, tukawapitisha chumba kile. Wawili walikuwa kwenye ritonaviri. Mmoja hakuwa na dalili yoyote. Wa pili, mzee wa zaidi ya miaka 60, alikuwa na maumivu ya mapaja kwa wiki 5 na alikuwa ameacha kwenda msikitini kwa sababu rukuu na sijida zilimshinda. Alidhani ni uzee. CK yake ilikuwa 3,900.